Nusu ya Shanga za Bi Somoe

"Kaswende?" Bi Somoe alilirudia neno kama mtu aliyepewa chai akakuta imetiwa chumvi. "Mimi?"

Dakta Mwanahamisi Mkwachu alikuwa ameketi mkekani mbele yake, mikono mapajani. Ndivyo kituo chao cha utafiti kilivyowafundisha. Habari ya namna hii haitumwi kwa simu wala kwa mtu wa tatu. Mtafiti huenda mwenyewe, huketi chini, hutamka jina la ugonjwa bila kulizungusha, kisha hungoja.

"Inatibika, Bi Somoe. Ni sindano tu. Ila na Mzee Athumani naye itabidi apimwe, achomwe."

"Athumani!" Bi Somoe akapiga goti lake kwa kiganja. "Athumani wangu huyu? Nikimtuma dukani anarudi hana chumvi wala mfuko. Huyo ndiye akatafute kaswende? Nguvu atazitoa wapi, mwanangu, na njia ya kurudi ataikumbuka?"

"Sisi hatuulizi ilitoka wapi. Hatuulizi kamwe."

"Nyie msiulize. Mimi mwenye nyumba niache niulize."

Mwanahamisi alitabasamu. Alimpenda mwanamke huyu. Bi Somoe Chitanda alikuwa mjane aliyeolewa tena uzeeni, jambo lililowachekesha wajukuu zake na kumchekesha yeye mwenyewe zaidi. Uwanda mzima wa Makonde ulimjua kama kungwi, mwanamke anayewafunda wasichana kabla ya kuolewa. Utafiti ulipofika huko ukitafuta watu wazima wa kuvaa shanga, yeye ndiye aliyesimama wa kwanza. "Magonjwa hayaulizi umri," aliwaambia wenzake siku hiyo, "na mimi sijafa kutoka kiunoni kwenda chini."

"Na kusema kweli," Mwanahamisi alisema, akitaka kumpunguzia uzito, "mashine yenyewe leo haina akili. Imeandika kwamba una mimba."

Bi Somoe alimtazama. Kisha akacheka. Alicheka hadi akaegemea ukuta, akafuta macho kwa pindo la kanga, akaanza upya. "Mimba! Athumani akilisikia hili atavimba kifua hadi mbavu zimtoke. Atakwenda msikitini kutangaza. Mimba, na meno yangu haya ya kuhesabu! Oo, Mwanahamisi, umeniua..."

Kicheko kikakatika. Hakikupungua taratibu kama kicheko kinavyopungua, kilikatika kama kamba. Mkono wa Bi Somoe ukaenda kiunoni, juu ya kanga, ukatulia hapo.

"Bi Somoe," Mwanahamisi aliuliza polepole, "shanga zako zote unazo?"

Nje kuku alikuwa akikwaruza majivu.

"Mlinikataza kuziazima," Bi Somoe alisema hatimaye. "Sikuziazima. Nilimpa mwali."

"Ulimpa?"

"Nusu. Kungwi hampi mwali wake shanga za dukani. Humkatia zilizokaa kiunoni mwake, zenye joto lake. Mimi nilikatiwa hivyo, na aliyenikatia alikatiwa hivyo. Ulitaka nimpe nini siku ile, kijiko?"

"Mwali gani, Bi Somoe?"

Swali lilikuwa limekwisha kutoka mdomoni wakati Mwanahamisi alipotambua kwamba hakupaswa kuliuliza, na kwamba jibu alikuwa nalo. Tangu avae shanga hizi, Bi Somoe alikuwa mgonjwa wa miguu, alimfunda mwali mmoja tu. Harusi yake Mwanahamisi aliihudhuria, alicheza hadi viatu vikakatika mikanda. Bwana harusi alikuwa Nurdini, mdogo wake wa tumbo moja.

"Zaituni," alisema.

Bi Somoe alifunika uso kwa kanga.

*

Ndani ya kila shanga, chini ya ganda la kioo, mlikuwa na kundi la bakteria wasio na madhara, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa. Chakula chao kilikuwa jasho la mvaaji. Jasho lilipobeba dalili kwamba mwili unapigana na kisonono, kaswende au ugonjwa mwingine wa zinaa, bakteria wale walitoa chachu ya namna nyingine. Chachu ile iliamsha waya mwembamba kuliko unywele, na mvaaji alipopita kwenye bomba la maji yaliyonaswa kutoka kwenye ukungu, waya ulinong'ona kwa kisanduku kilichofungwa juu ya bomba. Mimba nayo ilisikika, kwa sababu mimba hubadilisha jasho.

Wabunifu wa kwanza, watu wa mbali, walitaka shanga zibadilike rangi ugonjwa unapoingia. Wanawake wa uwandani walikataa. Kiuno si taa ya barabarani, walisema. Mwanamume akiona nyekundu atapiga kwanza, kuuliza baadaye. Basi zikatengenezwa shanga za kimya, zinazosema na kituo peke yake, na kituo kinasema na mvaaji peke yake. Tangu hapo wanawake waliokuwa wakifika hospitali ugonjwa umeshakula mifupa au umeshaua mtoto tumboni wakaanza kufika mapema. Wengine walikuja wakiimba.

Lakini yote yalisimama juu ya neno moja, ridhaa. Ilikuwapo kanuni ambayo kila mfanyakazi aliapa kuishika: sauti ya mwili ambao haukukubali kusikilizwa ifutwe bila kusomwa. Waliotunga kanuni walifikiria mtu atakayeokota shanga njiani, au mtoto atakayechezea za mama yake. Hawakumfikiria kungwi.

"Kwa hiyo umeshaisoma," alisema Dakta Chilumba, mkuu wa kituo. Alikuwa amesimama dirishani, ameupa mgongo uwanda na safu za nyavu zilizonasa ukungu wa asubuhi.

"Nimeisoma nikidhani ni ya Bi Somoe."

"Basi hukuvunja kanuni kwa kusudi."

"Na sasa ninajua, Chilumba. Nitajifanyaje sijui? Wifi yangu ana mimba na ana kaswende. Mimba ya kwanza huku haitajwi hadi tumbo lionekane. Atakwenda kliniki mwezi wa sita, labda wa saba. Unajua kaswende inamfanya nini mtoto kwa muda huo."

Alijua. Wote wawili waliwahi kuwafunga vitambaa watoto waliozaliwa kimya.

"Ukiliripoti hili," Chilumba alisema, "kamati ya maadili ya utafiti itafunga visanduku vyote siku hiyo hiyo. Hawatauliza nusu gani ya shanga. Watasema kituo kimemsikiliza mwanamke asiyejua, basi, kimekwisha. Na hawa wengine wanaotutegemea?"

"Najua."

"Sasa nisikilize. Mchukue wifi yako kliniki kwa sababu nyingine yoyote. Presha, macho, chochote. Damu itachukuliwa, itapimwa, ataambiwa majibu ya damu. Atatibiwa yeye na mumewe. Bi Somoe atazirudisha shanga kimyakimya, na sauti ile tutaifuta. Mtoto amepona, utafiti umepona, heshima ya bibi arusi imepona." Alikuja akaketi kando yake, si mbele yake. "Nionyeshe ni nani anayeumia hapo, Mwana. Nionyeshe mmoja tu."

Mwanahamisi alimtafuta huyo mmoja, hakumwona.

*

Zaituni alikuwa uani akichemsha ming'oko, viazi vya porini, moshi ukimfukuza kutoka upande mmoja wa chungu hadi mwingine. Alikuwa msichana mrefu, mwalimu wa watoto wadogo, na sauti yake haikujua kunong'ona.

"Wifi! Umekuja kukagua kama mdogo wako anakula?"

"Nimekuja kuona kama kuna kilichobaki. Nasikia umemmaliza."

"Amejimaliza mwenyewe kwenye nyavu zake za ukungu. Tangu ukungu uzidi anashinda huko ukingoni mwa mlima, anaziba matundu. Akirudi ananuka kama chura." Akamvutia kigoda. "Kaa hapa, huku moshi haufiki. Umekonda. Hospitali yenu haipiki?"

Mwanahamisi alikaa. Zaituni alimpulizia mng'oko wa moto, akaumenya, akampa mkononi kama anavyopewa mtoto. Walizungumza habari za mama, habari za mvua, habari za mtoto mmoja shuleni aliyekataa kujibu hadi aitwe Rais. Mwanahamisi alicheka kila palipostahili. Uongo wake aliupanga njiani na ulikuwa mfupi, wa kumezeka.

"Kesho wanapima presha kliniki," alisema. "Twende pamoja. Nitakupitia."

Zaituni alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Aliponyanyua uso alikuwa akitabasamu kwa namna ambayo Mwanahamisi hakuwahi kuiona kwake, tabasamu la mtu aliyeficha kitu mgongoni.

"Kliniki nitakwenda," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikashuka. "Lakini si kwa presha."

"Kwa nini, basi?"

"Mama alinionya. Mimba ya kwanza haitangazwi, inajitangaza yenyewe. Nimenyamaza, wifi, hadi ulimi unaniuma. Hata Nurdini hajui. Lakini leo nilipokuona unakuja nikasema, huyu si mtu baki, huyu ni damu ya mtoto. Acha awe wa kwanza." Akaweka kiganja tumboni. "Wewe wa kwanza."

Akangoja.

Alingoja kile ambacho mwanamke yeyote angekingoja kwa wifi yake saa ile: kelele, kumbatio, utani wa jina la mtoto. Mwanahamisi alifungua kinywa kukitoa. Alijua namna ya kukitoa. Aliutazama ule uso uliojaa zawadi, na akamwona yule mtu mmoja ambaye Chilumba alimtaka amwonyeshe.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua?" Zaituni alicheka. "Nimeanza kunenepa?"

"Shanga alizokukatia Bi Somoe si shanga za kawaida. Ni za utafiti wetu. Zinaonja jasho na kuleta habari kituoni. Yeye hakufikiri, alikupa kama makungwi wote wanavyotoa. Habari zako zikaja kwa jina lake. Nilizisoma mimi."

Tabasamu la Zaituni lilibaki usoni kwa muda, kama taa iliyosahauliwa mchana. Kisha alisimama. Akaipua chungu, akakiweka chini, akakifunika. Mikono yake ilifanya kila kitu kwa utaratibu mkubwa.

"Kwa hiyo Bi Somoe alinivisha masikio yenu."

"Hakujua."

"Na wewe ulipojua?"

"Nilikuja hapa na uongo wa presha."

"Ulikaa hapo. Ukala mkononi mwangu."

"Ndiyo."

Zaituni aligeuka, akatazama ukuta wa jikoni. Alipozungumza tena hakuwa na hasira ambayo Mwanahamisi alijiandaa kuipokea. Alikuwa na kitu kigumu zaidi.

"Unajua nimeyapanga maneno haya mara ngapi? Nikiwa nafundisha nayapanga, nikiwa nafua nayapanga. Ilikuwa habari yangu, wifi. Sina nyingine kubwa kama hiyo. Nikakuchagua wewe nikuandalie, kumbe umekuja umeshiba."

Mwanahamisi hakujitetea. Maneno ya kujitetea alikuwa nayo, na yalikuwa ya kweli, lakini yangekuwa ya kumsaidia yeye mwenyewe.

"Kuna jambo jingine lililosikika," alisema. "Ni lako. Ukiniambia nilitaje, nitalitaja. Ukitaka usilisikie kwangu, nenda kliniki upimwe, uambiwe na mtu mwingine. Lakini usikae bila kulijua, kwa sababu linamgusa huyo uliyetaka kunipa habari zake."

Zaituni aligeuka upesi. Mkono ulikuwa umerudi tumboni.

"Sema."

"Ni kaswende."

Neno lilianguka uani. Zaituni akaketi chini, si juu ya kigoda, chini kabisa, penye majivu. Mwanahamisi akashuka akaketi naye.

"Mtoto?"

"Ukichomwa sindano sasa, ana nafasi kubwa ya kuzaliwa mzima, na tutamfuatilia hadi azaliwe. Tukingoja tumbo lijitangaze lenyewe, siwezi kukuahidi kitu."

"Nani kaileta ndani ya nyumba hii?"

"Sijui."

"Shanga zinajua?"

"Hazijui. Ugonjwa huu hulala mwilini miaka bila kikohozi. Unaweza kuwa umeingia kabla hamjajuana, kwake au kwako, na mwenyewe asisikie chochote. Nikikwambia ni nani nitakuwa mwongo mara ya pili leo."

Zaituni alianza kulia, bila sauti, kama kwamba aliogopa hata kilio chake kitasikilizwa mahali. Mwanahamisi hakumgusa. Alisubiri, na baada ya kitambo ni Zaituni aliyeegemea bega lake, kwa uzito wote, kama mtu aliyechoka kumkasirikia mtu aliye karibu kuliko wote.

"Umemwambia mdogo wako?"

"La."

"Utamwambia?"

"Si yangu kumwambia. Naye lazima atibiwe, la sivyo sindano yako haitakuwa na maana. Lakini atakayefungua mdomo ni wewe."

"Na kazini kwenu watakufanya nini?"

"Asubuhi nitawaeleza nilichokisoma, na kwamba nimekwambia. Watanitoa. Shanga huenda zikafungwa zote."

"Na wanawake wengine wanaozivaa?"

Mwanahamisi alitazama majivu.

Zaituni alijifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Basi usiende kusema mmekosea tu, ukarudi nyumbani kulala. Waambie wamwulize kila mtu, na kungwi amwambie kila mwali. Ungeniuliza mimi, ningezivaa. Wallahi ningezivaa." Akainuka, akaingia ndani, pazia likashuka nyuma yake. Alipotoka alikuwa amezishika shanga ndani ya kiganja, akazimimina kwenye kiganja cha Mwanahamisi. Zilikuwa na joto bado. "Mwambie Bi Somoe simchukii. Alinikatia kwa mapenzi, na hilo nalijua. Niliyemkasirikia ni wewe."

"Sawa."

"Na nitaendelea kwa siku kadhaa."

"Sawa, wifi."

Nje ya ua ikasikika sauti ya Nurdini akiimba vibaya, na mlio wa mapipa ya maji yakigongana kwenye mkokoteni wake. Zaituni alishtuka. Akajifuta macho kwa kanga, akajipangusa majivu, akamshika Mwanahamisi mkono kwa nguvu.

"Nisikilize. Leo namwambia moja tu. La mtoto. Nataka alale usiku mmoja akiwa baba na si kitu kingine. Kesho asubuhi tunakuja kliniki wote wawili, na la pili nitamwambia njiani, kwa mdomo wangu."

"Itakavyokupendeza."

"Sijamaliza. Akitoka kukwambia, wewe hujui. Unanielewa? Hujui kabisa. Upige kelele majirani waje. Ulininyima mimi, yeye usimnyime."

Nurdini aliingia na harufu ya nyavu mbichi, suruali imelowa hadi magotini. "Dada! Leo mwezi umeandama mchana? Umekuja mwenyewe, bila kuitwa kwenye msiba?"

"Nimefuata ming'oko."

"Kuleni mnione nikifa njaa, mawifi nyie." Akamtazama mkewe. "Moshi huo umekutoa machozi, nilikwambia tuhamishe jiko."

"Njoo ndani," Zaituni alisema. "Nina neno."

"Nimelowa."

"Njoo hivyo hivyo."

Pazia likashuka nyuma yao. Mwanahamisi alibaki uani, shanga kiganjani. Kazi ya maisha yake ilikuwa kusikiliza miili ya watu, na sasa hatua chache kutoka alipo sauti mbili zilianza kunong'ona. Akasimama akaenda hadi kwenye mapipa ya maji upande wa pili wa ua, mahali ambapo neno lolote lisingeweza kumfikia, akasubiri huko akiwa ameupa mgongo mlango.

Alidhani itambidi alazimishe kelele. Njia nzima hadi pale hakuwa na furaha hata ya kubabaisha. Alikuwa na kesho, na kamati, na uso wa Chilumba.

"Dada!" Nurdini alitoka mbio, pazia likamfuata na kipande cha kamba. Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili kama mtu aliyeona nyumba inaruka. "Dada, utakuwa shangazi! Unasikia? Shangazi! Wewe!"

Nyuma yake, mlangoni, Zaituni alisimama akimkazia macho wifi yake.

Mwanahamisi akamtazama ndugu yake, suruali imelowa, anacheka na kulia kwa wakati mmoja, na akagundua kwamba kwa kweli habari hii hakuwahi kuisikia. Alikuwa ameisoma tu. Akatupa kichwa nyuma na vigelegele vikamtoka, virefu, vya juu, vya mtu asiyejali nani anasikia. Ng'ambo ya ua mwanamke mmoja aliyekuwa akitwanga akaacha mchi, na bila kujua furaha ni ya nini, akajibu. Akajibu na wa nyumba ya tatu.